Usawa wa Watu wa Karatasi

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh! (Sauti chache: Waalaykum salaam.) Sikusikia. Nasema, assalaamu alaykum! (Sauti zilezile chache, safari hii kwa uchovu zaidi.) Naam, sasa Garissa imeamka.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Idara ya Vijana, Michezo na Mambo Mengine Yanayofanana na Hayo, ambaye hakuweza kufika ila amemtuma mwakilishi wake, ambaye naye yuko njiani, Mheshimiwa Naibu wa Wakurugenzi Wasaidizi, Mheshimiwa Afisa wa Itifaki, ambaye bila yeye nisingejua nimtaje nani kabla ya nani, waheshimiwa wazee wa Kamati ya Uhakiki mkiongozwa na Mzee Awil, ambaye naona amesinzia kwa heshima kubwa, viongozi wa dini, viongozi wa kina mama, viongozi wa vijana mliopita umri wa ujana lakini hamjapita umri wa uongozi, mwenye hema, mwenye viti, mwenye jenereta (jenereta inakohoa), wachezaji wenyewe, ambao ndio walengwa wa mradi huu na ambao kwa sababu za kiitifaki wameketi juani, mabibi na mabwana, itifaki yote izingatiwe, na kama kuna mheshimiwa niliyemsahau, basi ajihesabu ametajwa mara mbili. (Makofi kutoka meza kuu.)

Najua kadi ya mwaliko ilisema saa tatu asubuhi na sasa ni saa tisa alasiri. Msinilaumu. Kiongozi hachelewi, ni wananchi ndio huwahi mno. (Kicheko cha Khalif, msaidizi wa Mheshimiwa, peke yake.) Kwa wale wasionijua, na Khalif ameniambia leo wamekuja wengi wa namna hiyo, mimi ndiye Mheshimiwa Daktari wa Heshima Abdijabar, Mkurugenzi wa Muda, kwa mwaka wa saba sasa, wa Idara Ndogo ya Usawa wa Mezani, idara pekee ya aina yake kutoka Banissa hadi mto Tana, na leo nimesimama mbele yenu, nyuma yangu pakiwa na mlango wenye kufuli na mbele yangu pakiwa na maendeleo, kuzindua rasmi Mradi wa Usawazishaji Jumuishi wa Wahusika wa Karatasi, kwa kifupi MUJUWAKA. Nikisema MUJUWAKA, semeni oyee. MUJUWAKA! (Jenereta tu.)

Nitaeleza jambo hili kitaalamu, halafu nitalieleza tena kwa lugha ya mwananchi. Kitaalamu ni kwamba beslaini savei yetu ilibaini pengo la kimuundo katika kapasiti ya uundaji wa wahusika miongoni mwa washikadau wa mezani. Kwa lugha ya mwananchi, kuna watu hapa Garissa hukutana kila Jumamosi alasiri kucheza mchezo usio na mpira. (Mtu nyuma: Sasa ni mchezo gani huo?) Swali zuri sana, ingawa hukuruhusiwa kuuliza. Wanakaa mezani. Kila mmoja anapewa karatasi na pointi ishirini, na kwa zile pointi anamuunda mtu: anampa nguvu, anampa akili, anampa shabaha, apendavyo yeye. Kisha mwenye meza, ambaye ni Mwalimu Fatumo wa shule ya msingi, yule pale aliyejifunika buibui la kijivu na kutazama saa yake, anawasimulia safari: mko jangwani, kuna visima saba, kila kisima kina zimwi. Kila mmoja anasema mtu wake atafanya nini, wanarusha dadu, na dadu ndiyo inaamua nani anakunywa maji na nani analiwa.

(Mwalimu Fatumo ananyanyua mkono: Mheshimiwa, sisi tulikuwa tunaomba tu...) Subiri, Mwalimu, subiri. Maombi yako yamo ndani ya hotuba. Khalif ameyaweka ukurasa wa kumi na nne.

Sasa tatizo liko wapi? Nitawaonyesha watu wawili. Hani, simama, mwanangu. (Hani, mwanafunzi wa chuo mwenye miwani, anainuka nusu na kuketi.) Huyu binti amesoma ule mwongozo wa mchezo kama mtu anayejiandaa kwa mtihani wa taifa. Anajua pointi ipi ukiiweka wapi inazaa pointi nyingine. Mtu wake anaitwa Sagal, na Sagal, wallahi, anapiga mshale akiwa amelala, anaruka ukuta, anaona gizani, hashikwi na kiu, na zimwi likisikia jina lake linatafuta njia ya mlango wa nyuma. Kisima cha kwanza mpaka cha tatu, Sagal aliua mazimwi yote matatu peke yake. Wenzake walibaki kumshikia koti.

Sasa huyu wa pili. Mahat, simama. (Mahat, mtu mzima mwenye ndevu za hina, dalali wa ngamia pale soko la mifugo, anasimama kikamilifu na kusalimia kila upande.) Mnamjua. Mahat amepewa pointi ishirini zilezile. Kumi amezitia kwenye kuwaimbia ngamia. Sita kwenye kusoma nyayo. Nne, ndugu zangu, nne, kwenye kupika chai. (Kicheko.) Msicheke! Huu ndio umaskini wa stratejia. Mtu wake wa kwanza alikuwa Biihi. Biihi alipofika kisimani alilikaribisha zimwi chai. (Kicheko kikubwa.) Biihi akafa. Wiki iliyofuata Mahat akaja na karatasi mpya: huyu ni Roble, mdogo wake Biihi. Pointi zilezile, nyimbo zilezile, chai ileile. Roble akafa. Akaja Geedi, mdogo wake Roble. Geedi, tunaambiwa, aliimba vizuri sana kabla ya kuliwa.

Sasa amebaki kitinda mimba, Warsame. Na hapa, mabibi na mabwana, ndipo suala lilipovuka kiwango cha meza na kuingia kiwango cha idara, kwa sababu Mahat alisema mbele ya mashahidi, nami nanukuu kutoka kwenye ripoti...

(Mahat: Mheshimiwa, usisome riboti, mimi mwenyewe niko hapa. Nilisema hivi: yule mama amezika watoto watatu kwa hii meza. Amebaki na moja. Hii moja akikufa, mimi nafunga karatasi, sirudi tena. Siwezi kuambia yule mama azae ingine ndiyo mimi nichezee. Haya.) (Mwanamke mmoja: Maskini, yule mama!)

Mama gani? Hayupo! Ni wa karatasi! Lakini mnaona athari za kisaikolojia. Nimeelezwa kwamba Mahat akiondoka, meza inavunjika, kwa kuwa wale wengine hawaji kumtazama Sagal akiua, wanakuja kumsikiliza Mahat akisimulia. Hani mwenyewe, ambaye humwita Mahat adeer, yaani ami, aliandika kwenye dodoso letu, sehemu ya maoni mengine: "Mimi nikishinda peke yangu sioni raha tena. Adeer Mahat akitoka, nami natoka." Meza moja, watu watano, hatarini kusambaratika, na serikali ikae kimya? Haiwezekani! Tukaingilia kati kwa kishindo. (Makofi, meza kuu.)

Kwanza tulifanya warsha. Tulifanya warsha kumi na moja, zote Naivasha, kwa sababu huwezi kufikiria usawa wa Garissa ukiwa Garissa, joto linapendelea upande mmoja. Wachezaji hawakualikwa ili wasiathiri matokeo. Warsha ya kwanza ilijadili jina. Warsha ya pili ilijadili kifupi cha jina. Kuanzia warsha ya tatu tulizama kwenye fremuweki, na ninajivunia kusema kwamba hatujaibuka hadi leo. Takwimu ni hizi: uelewa wa usawa miongoni mwa maafisa wangu umepanda kutoka asilimia kumi na mbili hadi asilimia mia na arobaini, mradi umewafikia wahusika elfu sita na mia tatu wa karatasi kule Eldas na Hadado, maeneo ambayo hatujatia mguu lakini tumeyapaka rangi ya kijani kwenye ramani. (Mtu nyuma: Hadado mimi nimetoka juzi, hakuna kitu!) Rangi, ndugu yangu. Nimesema rangi.

Wataalamu wakaleta mapendekezo. Pendekezo la kwanza lilikuwa Sagal avunjwe mguu. (Hani: Kwa nini?) Kwa usawa, mwanangu! Mkimbiaji akiwatangulia wenzake unampunguza mguu, hiyo ni hesabu nyepesi. Pendekezo la pili, la kidemokrasia zaidi, ni lile tunalolijua vyema huku kwetu: wazee wakae, wagawane. Wiki hii zimwi liuawe na ukoo huu, wiki ijayo ukoo ule, na zimwi lenyewe litie sahihi kwamba litaheshimu zamu. Tulikwama kwenye kulipata zimwi. Pendekezo la tatu lilikuwa pointi za msaada wa dharura. Mtu wa karatasi akianza kufa, mwenye karatasi anajaza fomu, fomu inakwenda kwa chifu, chifu anaithibitisha, inakuja kwangu, naipeleka juu, inarudi, na lori la pointi linafika. (Mahat: Linafika wakati gani?) Linafika wakati mwafaka. (Mahat: Kama ile nyasi ya ukame ya mwaka ile, ililetwa wakati ng'ombe zimebaki ngozi?) Bwana Mahat, tafadhali, leo ni siku ya sherehe.

(Mwalimu Fatumo anasimama: Mheshimiwa, saa kumi inakaribia na leo ndiyo kisima cha saba, Warsame anaingia. Sisi tunaomba tu...) Keti, Mwalimu. Keti! Ukurasa wa kumi na nne hauko mbali, mimi niko wa tano. (Mheshimiwa anachezesha shada la funguo mkononi. Mwalimu Fatumo anakunja mwavuli, anamgusa Hani bega, wote wawili wanatoka kupitia pengo la ua wa miti ya miiba, kuelekea upande wa soko la mifugo.) Naona walengwa wanakwenda kunyoosha miguu. Ruksa.

Sasa nafika kwenye kilele cha utekelezaji, yaani uhakiki. Ndugu zangu, sisi watu wa Kaskazini Mashariki hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Hapa mtu hawi mtu mpaka aketi mbele ya kamati, aulizwe babu yake nani, babu wa babu yake nani, alizaliwa wapi, na nani anamjua. Sasa nikajiuliza, kwa akili niliyojaliwa: iweje sisi wote tuliohakikiwa, mpaka baadhi yetu tukaota mvi kwenye foleni, halafu hawa watu wa karatasi wapite tu, wakirusha mishale, bila hata barua ya chifu? Sagal ni raia? Warsame ana kitambulisho? Na zimwi, je, limevuka mpaka? (Makofi, na safari hii hata nyuma wanapiga, huku wakicheka.) Nikaamuru kila mhusika afikishwe mbele ya Kamati ya Uhakiki ya wazee watatu, hapahapa uwanjani, chini ya mwenyekiti, ambaye ni mimi.

Kikao kilifanyika na kilifana sana. Mimi kama mwenyekiti nilikihudhuria kwa njia ya kutokuwepo, kwa sababu ya majukumu ya kitaifa. (Mzee Awil, akifumbua jicho moja: Tulikungoja tangu saa mbili mpaka alasiri.) Nashukuru, Mzee, kwa kuthibitisha kwamba mlikuwepo. Khalif alikuwa hapo akiniandikia kumbukumbu, nami nazisoma kwa mara ya kwanza pamoja nanyi, ili muone uwazi wetu.

Khalif ameandika hivi. Saa mbili, mwenyekiti hajafika. Saa nne, mwenyekiti hajafika. Saa sita, mwenyekiti hajafika, simu yake imezimwa. Khalif, haya mengine ruka. Haya: saa saba, Mzee Awil akasema, kukaa bure ni uvivu, leteni hao watu wenu niwaulize mwenyewe. Hani akaleta karatasi ya Sagal. Mzee akamuuliza, huyu babu yake ni nani? Hani akatazama karatasi mbele na nyuma, akasema, babu hana, ila nguvu anazo kumi na nane. Mzee akauliza, alinyweshwa kisima gani? Akasema, hashikwi na kiu. Mzee akauliza, akiumwa, mji gani utamchinjia mbuzi? Hani akaikunja karatasi. Ndipo Mahat akaitwa pamoja na Warsame wake. Mahat akafumba macho, akaanza: Warsame, babake huyu, na huyu babake yule, akamtaja mpaka babu wa kumi na nne bila kupumua, na kila babu na kisima chake, na nani alimwoza binti nani, na mji upi ulipewa ngamia ukame ulipoua, na kwamba yule babu wa tisa alikuwa akiwadai watu wa kisima cha saba deni la heshima, hawajamlipa mpaka leo. Wazee wote watatu walikuwa wameacha kutafuna miswaki. Mzee Awil akasema...

(Mzee Awil, macho yote mawili wazi: Nikasema, huyu ni mtu. Yule mwingine ni bunduki.) (Vicheko, makofi marefu.)

Asante, Mzee. Kumbukumbu zinaendelea kusema kwamba Hani alitoka machoni mmejaa machozi. Alikuwa amemjenga Sagal kwa miezi, na hapo wazee wamemwambia hakujenga kitu. Alizunguka uwanja mara mbili kwenye jua lile la saa saba, akarudi, akaketi chini mbele ya Mahat, akasema, nami nanukuu, "Adeer, nipe babu."



Mahat akamjibu, "Abaayo, dada yangu, babu hatolewi bure. Nami nipe akili ya hii pointi. Yule mama amebaki na mtoto moja." Basi wakakaa hapo, mwalimu akiwatazama. Mahat akampa Sagal ukoo: akamfanya binti wa mama mdogo wa Warsame, akampa kisima, akampa bibi mwenye jicho moja, akampa na mbuzi wa utotoni. Hani naye akachukua kalamu na karatasi ya Warsame. Hakugusa nyimbo wala chai. Akamwonyesha tu kwamba kwenye mwongozo, mtu mwenye pointi sita za nyayo ana haki ya kutangulia njia na kuchagua mahali pa kukutana na adui, haki ambayo Biihi, Roble na Geedi walikuwa nayo wote watatu mpaka wanakufa, ila hakuna aliyewaambia. Na Sagal, Hani akamtoa mbele. Akamweka nyuma ya Warsame, amlinde binamu yake. Hapo Mzee Awil anasema...

(Mzee Awil: Hiyo tunaijua tangu zamani. Jirani yako akifiwa na mifugo, humpi ngamia yako wala hukati yako mguu. Unampa moja yenye maziwa akamue, watoto wanywe, mpaka zake zisimame. Ngamia inabaki yako. Maziwa ni yake. Leo yeye, kesho wewe.) (Wengi: Haa! Haa! Ndiyo hivyo!)

Na Mwalimu Fatumo akapitisha sheria ya meza kwamba kuanzia siku ile hakuna mtu wa karatasi anayeingia jangwani mpaka mkono wa pili, mkono wa mwenzake, uwe umemgusa. Kisha wakaenda kuswali, na kikao kikafungwa, mwenyekiti hajafika.

Mabibi na mabwana! Mmejionea wenyewe! Haya ndiyo matunda ya uongozi wangu! Kama nisingewaita, wasingekuja. Na kama ningefika, wasingengoja. Na kama wasingengoja, wasingezungumza! Kutokuwepo kwangu kulikuwa ni mkakati! (Makofi, meza kuu, yanakufa haraka.) Tangu siku hiyo visima vitatu vimenywewa, cha nne, cha tano na cha sita, bila mtu kufa, sawa na ongezeko la uhai la asilimia ambayo Khalif bado anaikokotoa.

(Mahat anasimama: Mheshimiwa, asante kwa maneno. Lakini leo ni kisima ya mwisho, na bila mimi Warsame hawezi ingia. Mwalimu na Hani wako nje wananingoja. Hii brojekti yako itaisha lini?) Bwana Mahat, mradi hauishi, mradi huendelea, ndiyo maana ya sasteinabiliti! Nina kurasa tisa tu. (Mahat: Basi endelea salama, wallahi. Yule mama hawezi ngoja kurasa tisa.) (Mahat anafunga kikoi, anatoka kupitia pengo la ua. Watu wa safu tatu za nyuma wanatazamana, wanainuka mmoja mmoja, wanamfuata.) Naam, naona wananchi wanakwenda kueneza ujumbe.

Nikiendelea. Ahadi. Ninaahidi, mbele yenu mliobaki, kwamba ifikapo awamu ya pili tutajenga Kituo cha Kimataifa cha Usawa wa Mezani, orofa nne, chenye meza mia mbili za duara ili asiwepo anayekaa mwisho, chenye kiyoyozi, na dadu zitakazokuwa na upande mmoja tu, ili wote wapate sawa. Ninaahidi kila mtoto wa karatasi atazaliwa na cheti. Ninaahidi mazimwi yatapewa mafunzo ya uhusiano mwema na jamii. Ninaahidi...

(Ng'ambo ya ua, sauti ya Mahat inasikika ikiimba, polepole, wimbo wa kuwanywesha ngamia. Watu wa safu za mbele wanageuza vichwa.)

Ninaahidi, tafadhali tazameni huku, ninaahidi kwamba... Nani anaimba? Khalif, mwambie anayeimba kwamba kuna hotuba. (Khalif anakwenda mpaka kwenye pengo la ua. Anasimama hapo. Harudi.)

Haya. Nimesema nini? Nilikuwa kwenye ahadi. (Wimbo unakatika ghafla. Kisha mlio wa dadu juu ya bati. Kisha ukelele mmoja mkubwa, vigelegele, watu wakipiga makofi na kutaja jina la Warsame.) Asanteni! Asanteni sana! Mmenipa moyo! Hayo makofi yanatosha, mtaniliza. (Mwenye jenereta: Mheshimiwa, hayo si yako.) Bwana wee, makofi ni makofi.

Khalif! Karibu tena. Mbona unatabasamu? (Khalif anarudi: Mheshimiwa, Warsame ameokoka. Zimwi la kisima cha saba lilikuwa la wale waliodaiwa na babu wa tisa. Mahat amelitajia deni lake, Sagal akiwa nyuma amevuta upinde. Limewapisha. Wamekunywa wote.) Limewapisha? Bila fomu? Basi andika kwamba limewapisha chini ya MUJUWAKA. Niletee faili la mradi nilitie sahihi mbele ya umati, kisha tukate utepe.

(Khalif ananong'ona.) Sema kwa sauti, hatuna siri na wananchi. (Khalif: Mheshimiwa, ndani ya faili kuna karatasi moja tu.) Karatasi moja ya idhini? (Khalif: Hapana. Idhini haikuwahi kutolewa. Mradi haukuwahi kupelekwa juu. Ni ile barua ya Mwalimu ya mwaka jana. Bahasha haijafunguliwa.) Haijafunguliwa? Sasa warsha kumi na moja tulikuwa tunajadili nini? (Khalif: Juu ya bahasha imeandikwa, "Yah: Wachezaji wa meza yetu." Sisi tulianzia hapo.)

Lete. Kiongozi haogopi bahasha. Naisoma kwa faida ya wote. "Kwa Mkurugenzi. Assalaamu alaykum. Sisi ni watu watano wenye mchezo wa mezani kila Jumamosi alasiri. Tunacheza nje, upepo unapeperusha karatasi zetu. Tunaomba tu ufunguo wa kile chumba cha nyuma, chenye meza, ambacho hakitumiki. Tutakifagia wenyewe na kukurudishia ufunguo kabla ya magharibi. Mmoja wetu bado anasumbuka kumuunda mtu wake na mwingine ameunda wake akapita kiasi, lakini hilo lisikushughulishe, tutalisawazisha sisi kwa sisi. Wako, Mwalimu Fatumo."

(Jenereta inakohoa.)

Chumba cha nyuma ni kipi? (Khalif ananyoosha kidole kwenye mlango wenye kufuli, nyuma ya jukwaa. Mheshimiwa anatazama mlango, kisha shada la funguo lililo mkononi mwake tangu aanze hotuba.)

Ehe. Basi, kwa kuhitimisha. Nawashukuru mwenye hema, mwenye viti na mwenye jenereta, ambao naona ndio umati wote uliobaki, pamoja na Mzee Awil, ambaye... Mzee, nawe unakwenda wapi? (Mzee Awil, akiokota fimbo yake: Kunywa chai. Warsame anapika.) Nawashukuru wataalamu wangu kwa kusawazisha kitu ambacho hakikuwa chetu, katika mradi ambao hakuna ofisi iliyouanzisha, kwa wachezaji ambao hawakutuomba. Wenye meza, kaunti ndogo ya meza, taifa la meza: usawa, oyee! (Hakuna.) Mkono wa pili, oyee! (Kutoka ng'ambo ya ua: Oyee!) Huo si wangu, najua. Mwalimu Fatumo! Mwalimu! Ufunguo huu hapa, njoo uchukue!

(Sauti ya Mahat, kutoka ng'ambo: Kaa nayo tu, Mheshimiwa. Sisi tumeshafika kisimani.)

Mmesikia? Wamefika. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Khalif, andika: mradi umekamilika kabla ya kuanza.